Nyota zinahama kwenye picha? Maswali yanayorudi kila mara kuhusu maunti ndogo za kompyuta, kwa sisi wa Kigoma na Tabora

Haya ni maswali ambayo watu wananiuliza tena na tena tangu nianze kupiga picha za anga hapa Kigoma kwa maunti ndogo ya kubeba begani, yaani kile kichwa kinachokaa juu ya stendi na kugeuza kamera au darubini, ile yenye mota mbili na rimoti au app ya simu. Nimeanza na ya mwanzo kabisa mpaka yale ya kuumiza kichwa. Kama jibu liko kwenye swali lingine nimekuwekea namba, nenda hapo, sitarudia.

Ila kitu kimoja kishike kabla ya yote. Vitabu vinavyokuja na hizi maunti vingi vimeandikwa kwa mtu anayeishi nyuzi 40 au 50 kutoka ikweta. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, hivo mengi yaliyoandikwa mle ni ya kweli kwa mwenzetu, kwetu inabidi uyapindue kwanza ndo yafanye kazi.

## Ya mwanzo

1. Kuhama kwa nyota ni nini, na kwa nini kwa jicho naona imetulia ila picha inatoka na vijistari?

Dunia inamaliza mzunguko mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, kwa hiyo anga lote linaonekana kusogea kwenda magharibi karibu sekunde 15 za tao kila sekunde moja ya saa (nyuzi moja ina dakika 60 za tao, dakika moja ina sekunde 60 za tao). Kazi ya maunti ni kugeuka kwa spidi hiyohiyo kufuata anga. Ikikosea kidogo tu, nyota inaanza kutambaa juu ya sensa ya kamera, jicho lako halina habari, kamera inaandika kila kitu.

Kujua kamera yako ina ukali kiasi gani, chukua ukubwa wa pikseli kwa maikroni, zidisha kwa 206, gawa kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Kamera ya kawaida yenye pikseli ya maikroni 4.3 na lenzi ya milimita 200 inakupa kama sekunde 4.4 za tao kwa kila pikseli. Maana yake mota ikiwa imezimwa, picha ya sekunde 30 itakuwa na mistari ya pikseli 100 hivi. Hiyo hesabu ifanye mara moja uiandike kwenye karatasi, utaihitaji mbele.

2. Nitajuaje ugonjwa ni upi kwa kuangalia picha tu?

Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaanza kufungua bolti kabla hawajaangalia picha. Piga picha kumi za sekunde 30 mfululizo bila kugusa kitu, zifungue kwenye simu au kompyuta, zuum kona zote nne na katikati.

Kama nyota zote, za katikati na za pembeni, zimevutwa kuelekea upande mmoja na kwa urefu uleule, hapo maunti haifuatilii sawa, yaani mhimili wake haujalengwa vizuri kwenye ncha ya anga, pale ambapo anga lote linaonekana kupazunguka (swali la 9 mpaka 13) au spidi imewekwa vibaya (swali la 6). Kama za katikati ni duara na za pembeni zinazunguka kama zimechorwa kwa bikari, picha inazunguka, soma swali la 3. Za katikati duara, za kona zimevutwa kama mikia inayotoka katikati kwenda nje, hiyo ni lenzi au umbali wa kamera na lenzi, maunti haina kosa kabisa, iache.

Sasa kuna ile picha tatu nzuri, mbili mbovu, tatu nzuri tena, mbili mbovu, hiyo inanuka gia (swali la 14). Na picha moja yenye nyota mbilimbili au zigizaga katikati ya nzuri tupu ni upepo, waya ulionasa, au mtu kapita karibu. Mwisho, kila picha ukiiangalia peke yake nyota ni duara safi lakini ya kwanza na ya kumi hazilingani mahali, hapo kuna kuhama kwa polepole: ncha imekosewa kidogo au kuna kitu kinapinda (swali la 19).

3. Maunti yangu haina mhimili wa kuelekea ncha, inakwenda juu-chini na kushoto-kulia. Kwa nini picha inazunguka hata nyota ya katikati ikiwa imekaa palepale?

Kwa sababu inafuata nyota lakini haigeuki na anga. Nyota unayoilenga inabaki katikati, nyingine zinaizunguka. Huu sio ubovu, ndivyo ilivyo maunti ya aina hiyo, na huwezi kuuondoa kwa kulenga vizuri zaidi.

Ila kwa tuliopo karibu na ikweta kuna raha yake na karaha yake. Ukilenga mashariki kabisa au magharibi kabisa, mzunguko karibu haupo. Ukilenga kusini au kaskazini unakuwa mkali: kwenye urefu wa nyuzi 45 juu ya upeo upande wa kusini picha inazunguka kama nyuzi 21 kwa saa, kwa hiyo ndani ya sekunde 30 nyota iliyo pikseli 2000 kutoka katikati imeshahama pikseli 6. Mi nilichofanya nilipokuwa na maunti ya hivyo ni kupiga vitu vikiwa vinachomoza mashariki au vinazama juu ya ziwa, na nebula ya Carina ambayo kwetu inapita kusini naipiga sekunde 10 mpaka 15 tu, nyingi sana, halafu programu inazigeuza na kuzipanga. Kupaa juu kabisa ya kichwa ni kesi nyingine, ipo swali la 20.

## Mipangilio ya rimoti na simu

4. Niandike saa ngapi? Nikiweka saa mbili usiku maunti inaelekeza darubini ardhini.

Andika 20:00. Hili ni kosa letu sisi wa Kiswahili na limewapotezea watu usiku mzima. Maunti inahesabu kuanzia usiku wa manane, saa yetu tunaanza jua linapochomoza, tofauti ni saa sita. Saa mbili usiku ni 20:00, saa tisa usiku ni 03:00, na ukishavuka saa sita usiku tarehe imebadilika, kumbuka kuiangalia. Rimoti nyingi pia zinataka mwezi kwanza ndo tarehe, hivo 05/07 inaweza kusomeka tarehe 7 Mei badala ya 5 Julai. Zoni ni +3, na ile sehemu ya saa za kiangazi weka hapana, Tanzania hatuna.

Kwa maunti yenye mhimili wa ncha, saa ikikosewa inaharibu zaidi kutafuta vitu na muda wa kugeuka upande (darubini kuhamia upande wa pili wa maunti), kufuatilia kwenyewe hakuguswi. Kwa ile ya swali la 3 inaharibu vyote, kwa sababu inatumia saa na mahali kupiga hesabu ya kila mota iende spidi gani.

5. Latitudo na longitudo nazo?

Kigoma mjini ni nyuzi 4 dakika 53 Kusini, nyuzi 29 dakika 38 Mashariki. Tabora ni nyuzi 5 dakika 1 Kusini, nyuzi 32 dakika 48 Mashariki. Angalia kama rimoti yako inataka nyuzi na dakika au desimali, maana simu inakuonyesha 4.88 na mtu anaingiza nyuzi 4 dakika 88, kitu ambacho hakipo.

6. Nyota zinatambaa kwa spidi ileile picha zote, upande wa mashariki-magharibi tu. Gia imekufa?

Angalia kwanza spidi ya kufuatilia. Maunti nyingi zina spidi tatu: ya nyota, ya jua na ya mwezi. Ukiwa uliifuata mwezi jana yake ukasahau, nyota zitahama kama sekunde 33 za tao kila dakika, na ya jua kama 2.5 kwa dakika. Hesabu pikseli ulizohama, zidisha kwa ile namba ya swali la 1, gawa kwa dakika. Ukipata karibu na moja ya hizo mbili, umeshapata jibu bila kufungua skrubu hata moja.

7. Nikiwasha mota mistari inakuwa mirefu kuliko nikizima!

Maunti inadhani iko kaskazini mwa ikweta. Inazunguka kinyume, kwa hiyo nyota zinakimbia mara mbili. Tafuta mpangilio wa kizio (nusu ya dunia uliyopo), weka kusini, kwenye maunti ndogo nyingine ni kitufe tu cha N na S pembeni.

## Ncha ya kusini, chanzo kikubwa cha shida zetu

8. Kila video inasema "tafuta Polaris". Mbona siioni?

Hutaiona. Polaris iko karibu na ncha ya kaskazini ya anga na kwetu hiyo ncha iko nyuzi 5 chini ya upeo. Ya kwetu ni ya kusini, iko nyuzi 5 juu ya upeo, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ina mwanga hafifu wa daraja la 5.4, hafifu kiasi kwamba hata ikiwa juu inasumbua macho. Kwa urefu wa nyuzi 5 inabidi ipenye vumbi, ukungu wa ziwa na moshi wa mashamba yanayochomwa kuanzia mwezi wa saba, na bado mbele yako kuna miembe au kilima. Ile darubini ndogo ya kulengea iliyomo ndani ya maunti kwetu ni pambo. Usipoteze nayo hata nusu saa.

Na hata ungeiona, hewa inapinda mwanga. Kwenye urefu wa nyuzi 5 nyota inaonekana imeinuka kama dakika 10 za tao kuliko ilipo. Ndo maana njia za swali la 12 na 13, zinazopima nyota zilizo juu, kwetu ni bora kuliko kuitazama ncha yenyewe.

9. Kukosea ncha kidogo kunaharibu kiasi gani kweli?

Kwa kila dakika moja ya tao uliyokosea, nyota inaweza kuhama mpaka kama robo ya sekunde ya tao kila dakika. Ukikosea nyuzi moja nzima, ambayo kwa dira ya simu ni kawaida kabisa, ni kama sekunde 15.7 za tao kwa dakika. Kwa lenzi ya milimita 200 ya swali la 1 hizo ni pikseli tatu na nusu kwa dakika, picha ya sekunde 30 utaona nyota zimekuwa mayai. Ukishuka mpaka kosa la dakika 10 za tao, hata picha ya dakika nzima inahama nusu pikseli, huoni kitu. Kwa lenzi ya milimita 200 hapo panatosha, lala salama.

10. Kichwa cha maunti hakishuki mpaka nyuzi 5, kinagoma nyuzi 15. Nifanyeje?

Inamisha stendi. Panga miguu hivi: mmoja kaskazini, miwili kusini. Ikiwa hivyo, fimbo ya uzito wa kusawazisha inapita katikati ya miguu miwili badala ya kugonga mguu, maana kwetu mhimili umelala karibu sawa na ardhi na fimbo inaning'inia chini sana. Kisha uinue mguu wa kaskazini. Kama kutoka mguu huo mpaka mstari wa ile miwili ni sentimita 80, kuinua sentimita 14 kunakupa zile nyuzi 10 ulizopungukiwa. Tofali la kuchoma lililolazwa na kipande cha mbao juu yake linafika hapo.

Pima maji ya kwenye stendi haitasoma sawa tena, isikusumbue, mhimili ukielekea ncha maunti haijali kama miguu imenyooka. Kinachojali ni kutoanguka: mzigo umeegemea kusini sasa, ning'iniza mfuko wa mawe upande wa kaskazini, na kabla ya kufunga kamera sukuma stendi kwa mkono uone inasimama. Kamera yangu ya kwanza ilienda chini kwa kuruka hatua hii, na lenzi haikupona.

11. Kusini nakutafutaje kwa kuanzia? Dira ya simu kila nikiinua inasema kingine.

Simu ikikaribia chuma cha stendi, betri au mota, dira yake inadanganya, isome ukiwa umesogea hatua kadhaa. Mimi naamini kivuli zaidi. Simika kijiti kilichonyooka mchana, weka alama ncha ya kivuli asubuhi kama saa nne hivi, chora duara kwa kamba kutoka chini ya kijiti kupita kwenye alama, halafu subiri alasiri kivuli kiguse duara tena. Katikati ya alama mbili ndo mstari wa kaskazini-kusini. Ukipiga misumari miwili uwanjani kwako hutairudia kazi hii maisha.

Usidhani saa sita mchana kamili ndo jua liko kati. Kigoma tuko magharibi sana ya zoni yetu ya saa, jua linafika kati karibu saa saba mchana, likisogea robo saa hivi mbele au nyuma kulingana na mwezi wa mwaka. Na mwanzoni mwa Machi (kama tarehe 8) na mwanzoni mwa Oktoba (kama tarehe 5) jua linapita juu ya kichwa kabisa, mchana kijiti hakina kivuli, alama za asubuhi na alasiri ndo zinakuokoa. Juni kivuli cha mchana kinalala kusini, Desemba kinalala kaskazini, watu wengine hapo ndo wanageuza maunti nyuma mbele.

12. Nielezee njia ya kuhama polepole kabisa, kama unamwelekeza mtoto.

Haya. Wazo lenyewe: badala ya kuitafuta ncha, unaangalia nyota inahamia wapi, na nyota inakwambia ncha umeikosa upande gani. Unahitaji kuona nyota kwa ukubwa, kwa jicho la darubini (kile kilenzi cha kuchungulia) lenye mistari ya msalaba au kwenye skrini ya kamera ukiwa umezuum.

Sehemu ya kwanza, kushoto-kulia. Chagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), na iwe inavuka mstari wa kati, yaani iko karibu juu ya kichwa, kwetu ikweta ya anga inapita nyuzi 5 tu kaskazini ya utosi. Desemba mpaka Machi zile nyota tatu za mkanda wa Orion ni za kufaa sana, mwezi wa saba mpaka wa tisa tumia Altair. Geuza kamera mpaka ukibonyeza kitufe cha mashariki-magharibi nyota iende sambamba na upande mrefu wa picha. Sasa acha mota ifuate. Nyota ikipanda au kushuka kwenye upande mfupi, maunti imeelekea kushoto au kulia mno. Kuhama kwa upande mrefu usikujali kwa sasa, hiyo ni gia. Zungusha skrubu ya kushoto-kulia kidogo, rudisha nyota katikati, subiri tena. Ikihama haraka zaidi umeenda upande usio, rudi. Ikihama polepole endelea hivyohivyo. Sikuandikii "ikienda juu zungusha kulia" kwa sababu vioo na kamera vinageuza picha na utachanganyikiwa, jaribu mara moja, ujue ya kwako, uandike kwa maka pen kwenye maunti.

Sehemu ya pili, juu-chini. Chagua nyota karibu na ikweta ileile lakini iwe chini mashariki au magharibi, nyuzi 20 mpaka 30 kutoka upeo. Kigoma magharibi ni ziwa tupu, hakuna mti, patumie. Chini ya nyuzi 20 usishuke, hewa inapinda mwanga na kipimo kinakudanganya. Fanya vilevile, safari hii kwa skrubu ya juu-chini. Kisha rudi sehemu ya kwanza, maana ukigusa moja nyingine inayumba kidogo, hasa kama umeinamisha stendi kama swali la 10. Raundi mbili au tatu zinatosha. Ukikaa dakika tano na nyota haijatoka kwenye mstari, uko pazuri.

Mara ya kwanza itakula saa moja na nusu. Ya kumi, dakika ishirini.

13. Sina kompyuta, sina jicho la msalaba, nina kamera tu.

Kuna njia ya herufi V, na ndo ninayoitumia ufukweni. Lenga nyota zilezile za swali la 12. Weka kamera ipige picha moja ya sekunde 125. Sekunde 5 za kwanza usiguse kitu, nyota iandike nukta nene. Sekunde 60 zinazofuata bonyeza kitufe cha mashariki-magharibi kwa spidi ndogo ya 1x, nyota ichore mstari. Sekunde 60 za mwisho bonyeza kurudi. Ukifungua picha, kama mstari wa kwenda na wa kurudi umelaliana, safi. Kama umefunguka V, ncha imekosewa, na V ikizidi kupanuka ndo kosa linazidi. Zungusha skrubu, piga tena, fukuza V mpaka ifunge.

Mwenye kompyuta ndogo au kidude cha kuendeshea kamera ana njia fupi: programu za kupiga picha tatu sehemu tofauti za anga, zinatambua nyota zenyewe na kukwambia zungusha skrubu kiasi gani. N.I.N.A., programu ya kompyuta, ina nyongeza ya hivyo, na kidude cha ASIAIR nacho kinayo. Ila uchague ile isiyohitaji kuona ncha, nyingine zinadai ulenge karibu na ncha na kwetu zitapiga picha ya mwembe.

## Mitambo, ardhi na umeme

14. Nyota inakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kwa mashariki-magharibi. Ncha nimelenga vizuri.

Hiyo ni gia. Skrubu inayoendesha gurudumu la meno haijachongwa kamilifu, ikizunguka raundi moja inasukuma mbele kidogo na kuchelewa kidogo. Muda wa raundi unaupata kwa kugawa sekunde 86164 kwa idadi ya meno: meno 144 ni karibu dakika 10, meno 180 ni karibu dakika 8. Ukiona kuyumba kwako kunajirudia kwa muda huohuo, umethibitisha. Tiba ni picha fupi zaidi na kutupa zile mbovu, au kuifundisha maunti kosa lake kama ina huo uwezo, au kamera ya kuongoza, yaani kamera ndogo ya pili inayoitazama nyota na kuirekebisha maunti.

Maunti mpya ndogo zisizo na gia ya skrubu, zile nyepesi zinazobeba mzigo mkubwa bila uzito wa kusawazisha, zinayumba zaidi ya hapo kwa asili yake. Hizo usijaribu lenzi ndefu bila kamera ya kuongoza, na iongoze kila sekunde moja au mbili, sio tano.

15. Balansi iwe sawa kabisa?

Karibu sawa, halafu upande wa mashariki uwe mzito kidogo. Gia zina plei (nafasi ndogo kati ya meno), mzigo ukiwa sawa kabisa meno yanaelea huku na huku. Ukiegemea mashariki meno yanashikana muda wote kwa sababu mota inasukuma mzigo kwenda juu. Kumbuka ukigeuza darubini upande mwingine, mashariki imebadilika, sogeza uzito. Na ukibeba kilo zote zilizoandikwa kwenye boksi, usishangae ikiyumba. Kwa picha mi nakaa nusu yake.

16. Inaanza vizuri, baada ya nusu saa inahama na ncha nililenga.

Umesimama juu ya nini? Usiku mmoja nilikuwa ufukweni, mchanga mkavu mzuri, nimelenga ncha mpaka V imefunga. Baada ya dakika 40 hivi nyota zimeanza kupanda. Nikawasha tochi nyekundu nikaona mguu wa kusini umezama karibu kidole kizima, na mchanga umejikunja kuuzunguka kama midomo. Tangu siku hiyo natembea na vipande vitatu vya mbao ngumu, nakanyaga kila kimoja kwa uzito wangu wote kabla ya kuweka mguu wa stendi. Kwenye uwanja wa udongo baada ya mvua ni vilevile.

Kama ardhi ni ngumu, tazama klachi kama imekaza, miguu usiivute mirefu yote, na nguzo ya katikati isiinuliwe kabisa. Waya za kamera zifunge kwa mkanda kwenye maunti na uziachie kitanzi, waya unaoning'inia unavuta.

17. Mota zinakwama kwama au maunti inajizima, betri ni mpya.

Pima volti kwenye plagi ya maunti, sio kwenye betri, na upime mota zikiwa zinazunguka. Nilikuwa natumia betri ya sola ya volti 12 na waya mwembamba wa mita 5, ule wa spika. Kwenye betri napata 12.4, kwenye plagi 11.3. Waya wa milimita za mraba 0.5 kwa mita 5 kwenda na 5 kurudi una ukinzani wa omu 0.35, ukivuta ampea 3 unakula zaidi ya volti moja. Nikabadilisha nikaweka waya wa 2.5, ule wa soketi za nyumbani, upotevu ukashuka mpaka volti 0.2 hivi, na kukwama kukaisha usiku uleule. Hita ya umande ipe njia yake ya umeme kama unaweza.

## Ukiwa na kamera ya kuongoza

18. Programu inakataa kujipima, au inaongoza kinyume.

Fanya kipimo cha mwanzo, kwenye PHD2 (programu ya kuongoza) au nyingine, ukiwa umelenga karibu na ikweta ya anga na mstari wa kati, yaani karibu na utosi kama swali la 12. Ukipimia kusini karibu na ncha nyota inasogea kidogo sana na programu inapata namba za uongo. Kama ule mhimili wa kaskazini-kusini unasita kila ukibadili mwelekeo, ni plei, iambie programu iongoze upande mmoja tu, ule wa kupinga kuhama.

19. Grafu imetulia kama ziwa asubuhi, ila picha zinahama.

Kamera ya kuongoza na darubini kubwa haziangalii pamoja. Kitu katikati yao kinapinda: pete za plastiki, skrubu moja ya kushikilia, lenzi inayoshuka na uzito wa kamera. Kaza kila kiungo, ondoa mabano yasiyo ya lazima, kisha upime tena picha ya kwanza na ya kumi.

## Kesi za pembeni

20. Nebula ya Orion inafika juu maunti inachanganyikiwa.

Kwetu hii ni kesi ya kipekee. Nebula ya Orion iko nyuzi 5 dakika 23 kusini ya ikweta ya anga, sisi Kigoma tuko 4 na 53, kwa hiyo inapita nusu nyuzi tu kutoka utosini kabisa. Tabora inakaribia zaidi. Maunti ya swali la 3 ikifika hapo inatakiwa igeuke karibu nusu duara kwa dakika chache, spidi yake inapanda mpaka nyuzi 28 hivi kwa dakika, haiwezi kufuata huku ikipiga picha. Simama nusu saa kabla haijafika juu, uendelee nusu saa baada ya kupita.

Maunti yenye mhimili wa ncha haina shida na utosi, ila kamera inaweza kugonga mguu wa stendi na ndo wakati wa kugeuka upande. Izungushe kwa mkono mchana uone inagonga wapi.

21. Nimesafirisha maunti kwa treni Tabora mpaka Kigoma, sasa haifuatilii kama zamani.

Mtikisiko wa reli, au wa basi, unalegeza bolti. Shika darubini uitikise taratibu uone kiungo gani kinacheza, mara nyingi ni bolti inayounganisha kichwa na stendi, au zile skrubu mbili za kushoto-kulia ambazo moja imeachia. Kisha badilisha longitudo, tofauti ya Tabora na Kigoma ni zaidi ya nyuzi 3, ni kama dakika 13 za mzunguko wa anga. Tabora pia ni tambarare na iko juu, kama mita 1,200, hivo kusini kunaonekana chini zaidi kuliko huku kwetu kwenye vilima, ila Sigma Octantis bado usiihangaikie.

22. Taa za wavuvi zinaharibu ufuatiliaji?

Ufuatiliaji hapana. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza lisilo na mwezi, uleule tunaoutaka sisi, na taa zao zinajaza upeo wa magharibi. Nyota ya kupimia ya nyuzi 25 inabaki juu yake. Ila zinaweza kuidanganya kamera ya kuongoza ukilenga chini sana, ikashika taa ya mtumbwi badala ya nyota, halafu maunti yote ikaanza kufuata mtumbwi.

23. Nimefanya yote, bado inahama pikseli moja au mbili kwa picha kumi. Niendelee kuhangaika?

Hapana, piga picha. Kama kila picha nyota ni duara, programu ya kupanga itazilinganisha. Kitu kimoja tu: kuhama kule kukiwa polepole na upande mmoja usiku kucha, kelele za sensa zinaacha michirizi kwenye picha ya mwisho. Kwa hiyo kila baada ya picha tatu nne, sogeza maunti mwenyewe pikseli kumi hivi kwa rimoti, mara juu, kisha kushoto, kisha chini, bila mpangilio, na michirizi haitapata pa kujipanga.